Pleya ya Kubeba na Santuri za Zamani: Kosa Lipi Hurekebishika, Lipi Halirekebishiki

Mtu akisema anataka kuhamishia santuri za zamani kwenye kompyuta kwa kutumia pleya ndogo ya kubeba, mafundi wengi wa sauti watamkatisha tamaa. Watamwambia mkono wa pleya hiyo unakandamiza santuri, sahani yake ni nyepesi, katriji yake, yaani kichwa kinachoshika sindano, ni ya bei ya chini na mwendo wake hautulii. Hawasemi uongo. Hata hivyo, kwa kazi nilizozifanya sebuleni mwa watu, kwa mashine ya aina hiyo, nina msimamo ambao niko tayari kuutetea: pleya ya kubeba hufanya kazi ya kuheshimika, mradi anayeitumia ajue kutenganisha makosa ya aina mbili. Lipo kosa linalotokea pale sindano inapoigusa santuri. Hilo ni maji yaliyomwagika, hayazoleki. Na lipo kosa linalotokea baada ya hapo, ndani ya waya, chipu na kompyuta, ambalo mara nyingi husahihishika hata miaka ikipita. Ukilijua hilo, unajua pia fedha na uangalifu wako viende wapi kwanza.

Mashine iifuate santuri

Muziki wa dansi na taarabu wa Afrika Mashariki umehifadhiwa kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni tepu za redio, kama zile za iliyokuwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambazo zimerithiwa na TBC, shirika la utangazaji la taifa. Hizo zina jengo, na anayezihitaji anajua mlango wa kubisha. Ya pili ni santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika, na hizo hazina jengo. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri. Nyimbo za bendi za Dar es Salaam, Morogoro na Tabora zilitengenezewa Nairobi, kisha zikauzwa pande zote mbili za mpaka, madukani, kwenye baa na kwa wenye gramafoni nyumbani. Leo zimelala ndani ya masanduku, juu ya makabati na chini ya vitanda.

Mwenye sanduku kama hilo hapendi liondoke nyumbani, na ana haki. Amewahi kuazima santuri ikarudi imepasuka, au isirudi kabisa. Ndiyo maana mashine kubwa na nzuri iliyofungwa studio, hata iwe ya thamani gani, haimsaidii. Kazi ninayoichambua hapa ilikuwa ya sanduku la familia moja mjini Tanga: santuri nyingi za mizunguko 45, na chache nzito za mizunguko 78 zilizoachwa na mzee wa nyumba. Sharti la familia lilikuwa moja, kwamba hakuna santuri itakayovuka kizingiti.

Pleya za kubeba zinazojulikana zaidi duniani ni kama Vestax Handy Trax ya Japani na Numark PT01. Zote huenda kwa betri, zina kasi tatu, 33, 45 na 78, na zina kitufe cha kuongeza au kupunguza mwendo kidogo. Nyingine zina tundu la USB la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye kompyuta. Wapenzi wa santuri huzibeba sokoni ili waisikilize santuri kabla ya kuilipia.

Betri hizo zina faida nyingine ambayo wengi hawaihesabu. Umeme wetu wa ukutani una mtetemo wa hezi 50, na pleya na kompyuta vikichomekwa kwenye soketi za nyumba moja yenye waya wa ardhi wa mashaka, mngurumo huo huingia kwenye rekodi na kukaa chini ya besi. Pleya ikiwa kwenye betri na laptopu ikiwa kwenye betri, mngurumo haupo. Na umeme ukikatika katikati ya wimbo, kazi haisimami.

Maji, sindano na gramu

Kazi huanza na maji, kabla hata pleya haijawashwa. Pwani ina unyevu, na unyevu huzaa kuvu. Ukiiinamisha santuri kwenye mwanga wa dirisha utaona madoa meupe kama unga yaliyojipanga juu ya mifereji. Sindano ikipita hapo, haichezi muziki, inasaga uchafu ndani ya plastiki, na alama yake haitoki tena.

Tulitumia maji yasiyo na chumvi, yale yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta kwa jina la maji ya betri. Soma chupa vizuri, kwa sababu asidi ya betri huuzwa rafu hiyo hiyo. Tone moja la sabuni ya vyombo katika lita ya maji linatosha. Brashi laini hupitishwa kwa kufuata mzunguko wa mifereji, kamwe si kwa kuikata, na lebo ya katikati hufunikwa ili isilowe. Kisha santuri husuuzwa kwa maji matupu, hufutwa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na kuachwa ikauke ikiwa imesimama kivulini. Jua ni adui. Vinili hulainika joto likipanda, na santuri iliyosahauliwa ndani ya gari mchana hurudi ikiwa imejikunja kama sinia bovu.

Baada ya maji inafuata sindano. Pleya nyingi za kubeba huja na katriji ya seramiki na sindano ya yakuti ya kutengenezwa, ambayo huisha mapema kuliko ya almasi. Sindano iliyoisha ina kingo kali, na kila mzunguko inachonga kuta za mfereji. Kwa hiyo fedha ya kwanza katika kazi hii inunue sindano mpya ya almasi inayoingia kwenye katriji yako. Kabla ya kompyuta nzuri, kabla ya programu ya kulipia, sindano.

Kisha uzito. Mkono wa pleya kubwa yenye katriji ya sumaku hukaa juu ya santuri kwa gramu 1.5 hadi 2.5 hivi. Wa pleya ya kubeba yenye seramiki mara nyingi hufika gramu 4 hadi 6. Usikisie, pima. Mizani ndogo ya kidijitali wanayotumia masonara inatosha kabisa, mradi uso wake uwe kwenye kimo kile kile ambacho santuri ingekuwa. Ukikuta uzito unazidi kiwango alichoandika mtengenezaji wa katriji, pleya hiyo isiguse santuri ya mtu mpaka irekebishwe. Na usidhani kupunguza sana ndiyo huruma: sindano nyepesi kupita kiasi huruka ndani ya mfereji na kuzipiga kuta kwa nguvu zaidi kuliko ile iliyotulia.

Hata uzito ukiwa sawa, kila mchezo mmoja ni uchakavu kidogo. Kanuni tuliyoifuata ni kwamba santuri ichezwe mara moja tu, ikirekodiwa. Majaribio yote ya waya, mwendo na kiwango cha sauti yafanyike kwa santuri isiyo na thamani kwa mtu.

Meza nayo ina kazi yake. Pleya nyepesi hupokea kila hatua ya mtu anayepita. Tuliiweka juu ya kigae kizito cha sakafu kilicholazwa juu ya sponji, tukakagua usawa kwa kipimo kilichomo kwenye simu, na tukazima spika ya ndani, kwa sababu mtetemo wake hurudi kwenye sindano na kuichafua besi.

Mkwaruzo kuwa kipimo

Mwendo ndio ugonjwa unaotajwa sana wa mashine hizi. Betri zikichoka sahani huenda polepole, na hata zikiwa mpya, kitufe cha mwendo hakikai palepale. Tofauti ya asilimia 6 hupandisha au kushusha wimbo kwa nusu toni nzima. Sikio la mtu aliyeujua wimbo huo ujanani hulisikia hilo mara moja, hata kama hawezi kulieleza.

Njia ya kawaida ni kubandika kipande cha karatasi pembeni mwa sahani na kuhesabu mizunguko kwa dakika. Ni nzuri kwa kuanzia, lakini ipo njia sahihi zaidi, nayo imejificha ndani ya ubovu wa santuri yenyewe. Katika sanduku lile kulikuwa na santuri ya Morogoro Jazz Band yenye mkwaruzo mmoja ulionyooka kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mkwaruzo wa namna hiyo hutoa mlio wa “tak” mara moja katika kila mzunguko. Kwa mizunguko 45 kwa dakika, kila mzunguko huchukua sekunde 1.333, na mizunguko 20 huchukua sekunde 26.67.

Nilifungua rekodi kwenye Audacity, programu isiyolipiwa, nikaukuza mchoro wa sauti mpaka milio ile ikaonekana kama miiba iliyosimama kwa safu. Kutoka mwiba mmoja hadi wa ishirini baada yake palikuwa na sekunde 26.2. Hesabu iko wazi: mizunguko 20 mara sekunde 60, gawa kwa 26.2, unapata 45.8. Sahani ilikuwa inakwenda haraka kwa karibu asilimia 1.8, ambayo ni kama theluthi ya nusu toni. Programu ikapunguza kasi kwa asilimia 1.75, sauti na mwendo kwa pamoja, na wimbo ukakaa pale mashine ya kuchongea ilipouacha. Nikapima tena mwanzoni na mwishoni mwa upande huo huo, kuona kama betri zilichoka katikati. Hazikuchoka.

Hapa ndipo tofauti ya makosa mawili inapoonekana kwa vitendo. Mwendo uliokosewa kwa kiasi kisichobadilika, ingawa huanzia kwenye sahani, ni kosa la kundi la pili. Linapimika na linarudishwa. Lakini kama ningekimbilia kusafisha milio ya mkwaruzo kwa programu mara tu baada ya kurekodi, ningekuwa nimefuta kipimo changu mwenyewe. Kwa hiyo utaratibu ni huu: rekodi ghafi kwanza, mwendo pili, usafi wa milio mwisho, na kila hatua kwenye nakala.

Kuyumba kwa sauti ndani ya mzunguko mmoja ni jambo jingine, na ni gumu. Sahani za pleya za kubeba ni ndogo, na santuri kubwa ya inchi 12 huning’inia nje yake na kuyumba. Santuri ya inchi 7 hukaa vizuri zaidi. Mashine hizi nazipendekeza kwa santuri ndogo, na kwa bahati njema ndizo zilizojaa masanduku ya watu wetu.

Biti si ugomvi mkubwa

Watu wengi huuliza kwanza kuhusu ubora wa faili. Mwongozo wa IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, unataka angalau kilohezi 48 kwa biti 24, na unapendekeza kilohezi 96. Ukiweza, fuata. Faili la stirio la kilohezi 96 na biti 24 hula takriban megabaiti 35 kwa dakika moja. Upande wa dakika nne ni kama megabaiti 140, na diski ya kawaida ya leo inabeba sanduku zima bila shida.

Lakini chipu za USB zilizomo ndani ya pleya nyingi za aina hii hutoa biti 16 tu. Je, hilo linaiharibu kazi? Kwa santuri zilizochakaa, haliiharibu kwa kiasi ambacho watu wanahofia. Biti 16 zina nafasi ya desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na ukimya. Santuri ya vinili iliyo safi hutoa kama desibeli 60 hadi 70, na iliyochezwa baa miaka kadhaa ni chini ya hapo. Kelele ya mfereji huifunika kelele ya chipu.

La kuogopa kweli ni kiwango cha kurekodi kuwa juu mno. Kilele cha wimbi kikivuka desibeli 0 hukatwa, na kilichokatwa hakirudi. Kwa hiyo hata ndani ya kompyuta lipo kosa moja la kundi la kwanza, na dawa yake ni kuacha nafasi: vilele vikae kati ya desibeli 12 na 6 chini ya sifuri.

Kuhusu rangi ya sauti, tangu mwaka 1954 viwanda vilianza kufuata mkunjo mmoja unaoitwa RIAA: wakati wa kuchonga besi hupunguzwa na sauti nyembamba huongezwa, na pleya inatakiwa kugeuza hayo wakati wa kucheza. Katriji ya sumaku inahitaji sakiti maalumu kwa kazi hiyo. Ya seramiki hukaribia mkunjo huo kwa umbile lake, bila kuufikia sawasawa. Matokeo yake ni sauti yenye kifua kizito au pua kubwa kuliko inavyotakiwa. Hilo hurekebishika kwa ikwaliza, ukiwa na spika za kuaminika na subira.

Kisha kuna zawadi ya mono. Santuri nyingi za enzi hizo ni za mono: kuta mbili za mfereji zimebeba muziki ule ule. Tulirekodi kwa stirio hata hivyo, kwa makusudi, ili kila ukuta uwe na chaneli yake. Kwenye nakala ya kazi tulisikiliza chaneli moja moja. Pale kuta zote mbili zilipokuwa na afya, tulizichanganya. Muziki ukajumlika na sehemu ya kelele ikajifuta yenyewe. Pale ukuta mmoja ulipokuwa umeliwa na mikono ya pleya za miaka mingi, tulichukua ule mzima peke yake. Hakuna programu ya kusafisha milio iliyotusaidia kama uamuzi huo mdogo.

Upande A, upande B

Bendi zetu hazikuandika nyimbo za dakika tatu. Wimbo ulianza kwa mashairi, ukafika kwenye mchemko wa magita, na santuri ndogo haikuutosha. Ukagawanywa: sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Familia iliomba nyimbo hizo ziunganishwe, na ni ombi la haki, maana ndivyo zilivyopigwa ukumbini.

Kuunganisha kuna mtego wa kifizikia. Sahani huzunguka kwa kasi ile ile, lakini mfereji wa ndani ni mfupi kuliko wa nje. Kwenye santuri ya inchi 7, mwanzoni mwa upande sindano hupitiwa na kama milimita 400 za mfereji kwa sekunde. Mwishoni hubaki kama 250. Sauti nyembamba hubanwa kwenye nafasi ndogo, zikafifia na kukwaruza. Kwa hiyo upande A unaisha magita yakiwa yamechoka, na upande B unaanza yakiwa na ung’avu wa mfereji wa nje. Ukiunga bila kufikiri, msikilizaji atadhani mtu amefungua dirisha katikati ya wimbo.

Tulichofanya ni kusahihisha kwanza mwendo wa kila upande kwa kipimo chake, kulinganisha toni, kuongeza kidogo sauti nyembamba kwenye sekunde za mwisho za upande A, kisha kuunga penye pigo la ngoma. Muungano huo uliingia kwenye nakala ya kusikiliza tu. Kwenye nakala ya hifadhi pande mbili zilibaki mbili, kama zilivyouzwa.

Nzito za mizunguko 78

Santuri za mizunguko 78 zinadai tahadhari ya peke yake. Ndizo za enzi ya mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi kwa lebo ya His Master’s Voice. Nyingi zimetengenezwa kwa utomvu wa shelaki. Usiziguse kwa spiriti, kwa sababu spiriti huuyeyusha utomvu huo. Maji safi kidogo na kitambaa vinatosha, nazo zikaushwe upesi.

Mfereji wake ni mpana. Sindano yake ina ncha ya nusu kipenyo cha kama maikromita 76, wakati ya santuri za kisasa ni kama 18. Pleya inaweza kuwa na kasi ya 78 na bado ikakosa sindano hiyo. Sindano nyembamba itazama chini ya mfereji, kwenye vumbi na mawe, badala ya kuegemea kuta. Tulizicheza zile tulizokuwa na sindano yake. Zilizopinda na zilizopasuka tulizipiga picha, tukaandika maelezo yake, tukazirudisha sandukuni. Kutocheza pia ni uamuzi wa kitaalamu.

Kazi nzuri hupimwaje

Kila santuri iliyorekodiwa ilipata picha ya lebo za pande zote mbili na maandishi ya jina la wimbo, bendi, mtunzi, namba ya lebo na namba iliyochongwa kwenye plastiki karibu na katikati. Faili lisilo na maelezo hayo, baada ya miaka michache, ni sauti ya mtu asiyejulikana. Rekodi ghafi zilihifadhiwa kwa WAV kwenye diski mbili, moja ikabaki na familia. Nakala za MP3 zilikwenda kwenye simu za wajukuu. Kuzisambaza kwa umma ni suala jingine: watunzi na warithi wao wana haki zao, na mlango wa kuuliza ni ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya.

Kwangu mimi, swali la kuipima kazi ya namna hii ni moja. Akija fundi mwingine miaka ishirini ijayo, ana sikio zuri na programu bora kuliko zetu, je, anaweza kuirudia kazi yote ya kusafisha bila kuomba santuri ichezwe tena? Kama rekodi ghafi ipo, kiwango hakikukatwa, kila ukuta una chaneli yake na mkwaruzo wa kupimia mwendo haukufutwa, jibu ni ndiyo, na hapo pleya ndogo imetimiza wajibu wake. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo aanze na maji, sindano na mizani, aache ugomvi wa biti kwa baadaye. Masanduku ni mengi, kuvu haisubiri, na wazee wanaoweza kutuambia ni nani aliyepiga gita la solo bado wako nasi. Kazi ianze nyumbani kwao, wakiwapo wenyewe.